Upungufu wa utengenezaji wa protini unawezaje kuzaa saratani ya damu?

Binti wa Kibokoni ameuliza:

Assalaamu alaykum, na salamu kwa wote mtakaosoma. Mama yangu mdogo, mwenye umri wa miaka 67, alianza kuchoka mwaka jana, hata akawa hawezi tena kupanda ngazi za nyumba yetu bila ya kuketi katikati, na ngazi za nyumba za Mji wa Kale mnazijua zilivyo nyembamba na wima. Alipopimwa damu, hemoglobini ilikuwa imeshuka hadi 6.9, seli nyekundu zilikuwa kubwa kuliko kawaida, na chembe za kugandisha damu, badala ya kupungua, zilikuwa zimezidi. Alimeza vidonge vya madini ya chuma kwa miezi minne pasipo nafuu yoyote. Hatimaye alitolewa uboho katika mfupa wa nyonga, na majibu yakaonyesha kwamba seli za uboho wake zimepoteza kipande cha mkono mrefu wa kromosomu ya 5. Daktari ametueleza kuwa huu ni ugonjwa unaohesabiwa miongoni mwa saratani za damu, ingawa aina yake huenda polepole.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya maabara, na nimejaribu kusoma. Nimeona kwamba katika kipande kilichopotea mna jeni iitwayo RPS14, ambayo hutoa sehemu mojawapo ya ribosomu, na ribosomu ndizo zinazotengeneza protini zote za seli. Hapo ndipo ninapokwama. Nimefundishwa kwamba saratani ni seli zinazoongezeka bila ya mpaka, na seli inayoongezeka inahitaji protini kwa wingi. Basi seli iliyopungukiwa na vyombo vya kutengenezea protini ilipaswa kudhoofika na kufa. Inakuwaje igeuke saratani?

La pili ni la nyumbani. Jamaa mmoja amemwambia mama mdogo aache samaki, kunde na mayai, eti protini inalisha saratani. Sasa ni wiki ya tatu anakunywa uji mweupe na chai ya rangi tu. Naomba msaada wenu.

Fundi wa Hadubini, Makupa, amejibu:

Waalaykumu salaam, dada, na pole kwa kuuguza. Nimesoma slaidi za damu na uboho kwa miaka mingi, na napenda ujue kwamba unapokwama wewe wamekwama wakubwa. Mwaka 1967 daktari wa Marekani, William Dameshek, aliandika makala ambayo yeye mwenyewe aliiita kitendawili, akiuliza uboho uliokauka una undugu gani na lukemia, yaani saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho, kwa kuwa alikuwa ameona wagonjwa ambao uboho wao ulianza kwa kushindwa kuzaa ukaishia kuzaa kupita kiasi.

Tuanze na ribosomu yenyewe. Ribosomu ya binadamu imeundwa kwa nyuzi 4 za RNA na protini takriban 80, na ina vipande viwili, kidogo na kikubwa, vinavyokutana juu ya ujumbe wa jeni na kuusoma herufi tatu tatu, kila tatu zikiita asidi amino moja, yaani kipande kimoja cha kujengea protini. RPS14 ni protini ya kipande kidogo. Kwa kawaida kila seli ina nakala mbili za jeni hiyo, ya baba na ya mama. Seli zilizougua za mama yako mdogo zimebakiwa na moja. Kwa hiyo hazikosi ribosomu kabisa, bali zina chache. Mwaka 2008 Benjamin Ebert na wenzake walizichukua jeni za eneo linalopotea na kuzipunguza nguvu moja baada ya nyingine, na walipofika kwa RPS14 wakaona seli changa zikishindwa kukomaa kuwa nyekundu, vilevile kama zinavyoshindwa kwa wagonjwa. Walipoirudisha RPS14 katika seli za wagonjwa, zikaanza kukomaa tena.

Utauliza kwa nini balaa liangukie seli nyekundu, ilhali kila seli ya damu inahitaji protini. Uboho wa mtu mzima hutoa seli nyekundu kama milioni 2 kwa kila sekunde, na kila moja inapaswa kujazwa hemoglobini ndani ya siku chache kabla ya kukitupa kiini chake, kwa kuwa seli isiyo na kiini haiwezi kuandika ujumbe mpya. Fikiria kivuko cha Likoni siku ambayo feri mbili zimeharibika. Kila mtu atachelewa, lakini anayekwenda kuamkia wazazi atafika jioni na mambo yake hayataharibika, ilhali mchuuzi wa samaki mwenye ndoo ya barafu inayoyeyuka atafika na mali iliyooza. Seli nyekundu changa ndiye huyo mchuuzi. Zaidi ya hayo, hemu, yaani ile sehemu ya hemoglobini yenye chuma, huendelea kutengenezwa hata globini, yaani sehemu yake ya protini, inapochelewa, na hemu isiyopata globini ya kuishika ni sumu kwa seli. Tena jumbe zote hazipigani sawa kwenye foleni: katika magonjwa ya aina hii, ujumbe wa protini iitwayo GATA1, ambayo ndiyo inayoiamuru seli changa ifuate njia ya seli nyekundu, umeonekana kuwa miongoni mwa zinazokosa nafasi mapema.

Halafu kuna mlinzi anayeitwa p53. Katika seli tulivu, p53 huvunjwa kila mara na protini nyingine, MDM2. Uundaji wa ribosomu ukivurugika, baadhi ya sehemu zake, hasa RPL5 na RPL11, hubaki bila ya mahali pa kuingia, zikaenda kumkamata MDM2. Basi p53 hurundikana na kuiamuru seli isimame au ife. Nilipokuwa mgeni wa kazi, mwalimu wangu aliniwekea slaidi ya ugonjwa huu akaniambia nitazame mama wa chembe za kugandisha damu. Seli hiyo kwa kawaida ni kubwa sana, na kiini chake kina mapande mapande kama kipande cha tangawizi. Pale ilikuwa ndogo, na kiini chake cha duara moja laini, kama kunde. Ukishaiona mara moja huisahau.

Sasa kitendawili. Uboho ambao seli zake zinakufa hauachi kujaribu. Seli shina, yaani zile zinazozaa seli zote za damu, huendelea kugawanyika ili kuziba pengo, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa. Siku moja, katika seli moja, jeni ya p53 yenyewe huharibika. Seli hiyo bado ina ribosomu chache, lakini haisikii tena amri ya kufa. Wenzake wanaanguka, yeye anabaki, na shamba lote linakuwa lake. Upungufu wenyewe hauileti saratani moja kwa moja. Huweka shida ambayo humpa faida yule aliyevunja kufuli.

Daktari Mstaafu, Ganjoni, amejibu:

Mwanangu, Fundi amekueleza vizuri, lakini ameruka jambo moja, na naona ni haki ulijue. Ameonyesha kwa nini seli nyekundu zinakufa. Hajaonyesha kwa nini seli shina zenye kasoro ziliujaza uboho tangu mwanzo, kabla p53 haijaharibika. Jibu la hilo halimo katika ribosomu. Katika kipande hichohicho cha kromosomu ya 5 mna jeni nyingine, CSNK1A1, ambayo protini yake huzuia ishara za ukuaji wa seli shina. Ikibaki nakala moja tu, breki hulegea na seli shina hutangulia wenzake. Hata zile chembe za kugandisha damu zilizozidi zimefungamanishwa na RNA ndogo, zinazodhibiti jeni nyingine, zilizopotea hapohapo. Ugonjwa huu, uliotangazwa kwanza na Herman Van den Berghe nchini Ubelgiji mwaka 1974, ni msiba wa jeni kadhaa zilizoondoka pamoja, na kila moja ina sehemu yake ya lawama.

Hata hivyo, mfano ulio safi zaidi wa hoja ya Fundi upo. Ni ugonjwa wa watoto ambao Louis Diamond na Kenneth Blackfan waliueleza mwaka 1938: mtoto huishiwa damu katika mwaka wake wa kwanza, na uboho wake unakuwa na kila aina ya seli isipokuwa zile changa za kuzaa seli nyekundu. Mwaka 1999 iligunduliwa kuwa robo hivi ya wagonjwa hao wana kasoro katika RPS19, nayo ni protini ya kipande kidogo cha ribosomu. Hapo hakuna kromosomu iliyokatika, na kwa wengi wao kasoro ni ya protini ya ribosomu peke yake. Na watoto hao wakikua, hatari yao ya saratani, ikiwemo lukemia, imeonekana kuwa takriban mara 5 ya watu wengine. Hilo ndilo lililonishawishi mimi kwamba kitendawili cha Dameshek kina mguu mmoja ndani ya ribosomu.

Lakini usidhani kwamba utengenezaji wa protini huleta saratani kwa kupungua tu. Tazama upande wa pili, ambao ni wa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, akiwa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alimwona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Mwaka uliofuata alichapisha habari za uvimbe huo, ambao ni limfoma, yaani saratani ya seli nyeupe za kinga, na mwaka 1961 alisafiri kwa gari na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, yapata kilomita 16,000, akiuliza hospitali moja baada ya nyingine uvimbe huo unaonekana wapi na wapi hauonekani. Aliukuta unafuata joto na mvua, yaani penye malaria nyingi. Niliwahi kuwatibu watoto hao nikiwa kijana, na uvimbe ambao Jumatatu ulikuwa kama kokwa ya embe, Jumatatu ya pili ulikuwa umeling'oa jino. Kasi hiyo haina mfano katika saratani nyingine za binadamu ninazozijua.

Chanzo cha kasi hiyo ni jeni ya MYC. Kromosomu ya 8 hubadilishana kipande na nyingine, mara nyingi ya 14, na MYC hujikuta imewekwa jirani na mtambo wa kingamwili ambao katika seli B, yaani seli nyeupe zinazotengeneza kingamwili, hauzimwi. MYC ndiye msimamizi mkuu wa ujenzi wa ribosomu: huagiza RNA zake, huagiza protini zake, huagiza hata vianzishi vya usomaji. Seli inakuwa jiko lisilozimwa moto. Na je, tunajuaje kwamba ribosomu hizo nyingi ni sababu, wala si matokeo tu? Mwaka 2008 watafiti walichukua panya waliowekewa MYC iliyozidi, ambao kwa kawaida hupata limfoma, wakawapunguzia protini moja ya ribosomu, RPL24, kwa nakala moja. Utengenezaji wa protini ukarudi karibu na kawaida, na limfoma ikazuiwa kwa kiasi kikubwa.

Mwaka 2014 kundi jingine lilipima kasi ya utengenezaji wa protini katika seli shina za damu za panya na kukuta kwamba seli hizo hutengeneza polepole kuliko karibu seli zote za damu zilizotoka kwazo. Walipoipunguza kasi hiyo zaidi, seli shina zilidhoofika. Walipoiongeza, zilidhoofika pia. Tafadhali lishike hili, kwa sababu linajibu swali lako kuliko mengine yote: uboho una kadiri yake, na saratani hupata mlango pande zote mbili za kadiri hiyo.

Kuna na njia ya tatu, ambayo kwayo ribosomu hazipungui wala hazizidi, bali hubadilika. Katika baadhi ya watoto wenye lukemia ya seli T, herufi moja ya jeni ya RPL10 imebadilika, na ribosomu zao huupendelea ujumbe wa BCL2, protini inayozuia seli isife. Kwa miaka mingi tulifundisha kwamba ribosomu ni mashine bubu inayosoma chochote inachopewa. Nasikitika kusema nami nilifundisha hivyo.

Mzazi wa Likoni ameuliza:

Samahani kuingilia. Mwanangu ana selimundu. Je, na yeye yumo katika magonjwa haya ya ribosomu?

Fundi wa Hadubini, Makupa, amejibu:

La, ndugu yangu. Katika selimundu ribosomu ni nzima na zinasoma sawasawa. Ujumbe wenyewe wa globini umeandikwa na herufi moja tofauti, hivyo protini inayotoka ina asidi amino moja iliyobadilika. Ni mambo mawili mbalimbali. Mshughulikie mtoto kwa selimundu yake, maji ya kutosha, dawa zake na kliniki yake, na hili lisikuongezee hofu.

Mfamasia wa Nyali amejibu:

Binti wa Kibokoni, naona wakubwa wamezama katika uboho na swali lako la pili limebaki pwani, nami naona ndilo la haraka zaidi. Mrudishie mama mdogo samaki wake leo.

Protini ya changu au ya kunde haifiki kwenye uboho ikiwa protini. Tumbo na utumbo huivunja kuwa asidi amino, na kila seli huchukua asidi hizo na kujenga inachotaka. Mama mwenye hemoglobini ya 6.9 akinyimwa chakula kwa wiki tatu, misuli yake ndiyo itakayoyeyuka kutoa asidi amino hizo, na seli zilizougua zitaendelea kupata zao. Anayeumia ni yeye. Najua jamaa amesema kwa mapenzi, wala usimvunjie heshima, lakini ushauri wake una madhara.

Inawezekana wazo hilo limetokana na jambo la kweli lililopindwa. Ipo dawa ya lukemia ya watoto inayofanya kazi kwa kuzinyima seli asidi amino moja, asparajini. Mwaka 1953 John Kidd aliona kwamba majimaji ya damu ya simbilisi yanaziyeyusha limfoma za panya, na baadaye, mwaka 1961, John Broome alionyesha kuwa kinachofanya kazi ni kimeng'enya kinachovunja asparajini. Seli zetu za kawaida hujitengenezea asparajini. Seli nyingi za lukemia hiyo haziwezi vya kutosha, hivyo ikikauka katika damu ribosomu zao husimama katikati ya sentensi. Lakini hilo hufanywa kwa sindano, chini ya uangalizi, na haliwezekani kwa kuacha mayai, kwa sababu mwili wenyewe unaitengeneza asparajini hiyo.

Dawa za mlango huu ni kadhaa. Homoharingtonini, iliyotokana na mti wa Uchina, huingia ndani ya ribosomu na kuizuia isianze kuunganisha. Ilikubaliwa nchini Marekani mwaka 2012 kwa aina mojawapo ya lukemia sugu. Katika mieloma, aina nyingine ya saratani ya damu, seli hutengeneza kingamwili kwa wingi mno hata zinalemewa na takataka za protini zilizokunjwa vibaya, na bortezomibu, iliyokubaliwa mwaka 2003, huziba jalala lao mpaka zikazama katika takataka hizo. Inayomhusu mama mdogo zaidi ni lenalidomaidi, iliyokubaliwa kwa ugonjwa wake mwishoni mwa mwaka 2005. Dawa hii huikamata ile protini ya CSNK1A1 aliyoitaja Daktari na kuipeleka ikavunjwe. Seli nzima ina nakala mbili za jeni hiyo na huvumilia. Seli iliyougua ina moja, na ile kidogo iliyobaki ikivunjwa, inakufa. Upungufu uliokuwa faida ya seli mbaya unageuzwa kuwa kitanzi chake.

Mambo mawili ya kumwuliza daktari wake. Kwanza, je, jeni ya TP53, yaani ile ya mlinzi p53, imepimwa? Wenye mabadiliko katika jeni hiyo hupata nafuu haba kwa dawa hii, na ugonjwa wao una uwezekano mkubwa zaidi wa kugeuka lukemia. Pili, atapimwa damu mara ngapi, hasa wiki nane za mwanzo, kwa kuwa dawa hushusha seli nyeupe na chembe za kugandisha damu, na huweza kuleta damu kuganda miguuni. Akiona mguu mmoja umevimba, asingoje kliniki. Vidonge vihifadhiwe mbali na wasichana wa nyumbani, na yeyote mwenye mimba asivishike, kwa sababu hudhuru mtoto tumboni.

Binti wa Kibokoni amejibu:

Nawashukuru nyote, na wewe Daktari nakuamkia, shikamoo. Nimeisoma thread hii kwa sauti mbele ya mama mdogo, nikimfafanulia kila palipokuwa na jina gumu. Mfano wa feri ameuelewa upesi kuliko mimi, kwani marehemu mumewe alikuwa mchuuzi wa samaki. Akaniuliza, "Kwa hivyo mimi barafu yangu ndiyo inayoyeyuka?" Nikamwambia ndiyo, na dawa inajaribu kupunguza foleni.

TP53 haikupimwa. Nimeliandika swali hilo kwenye karatasi pamoja na la pili, na kliniki ni Alhamisi. Jambo lolote likibadilika nitalieleza hapa. Jioni hii amekula nusu ya changu wa kupaka na wali kidogo, akalala mapema.

Daktari Mstaafu, Ganjoni, amejibu:

Marahaba, mwanangu. Alhamisi uliza pia kama ataongezwa damu kabla ya kuanza dawa, maana kwa 6.9 ngazi zile si za kupandwa. Ikiwezekana mhamishie chumba cha chini.